Sumu ya Damu na Asidi ya Maziwa

Watu wengi wa mkoa wetu wa Singida, tangu Iramba mpaka Manyoni, wamelelewa kwa maziwa ya mgando. Maziwa matamu hutiwa kibuyuni, hukaa siku moja au mbili, kisha hugeuka yakawa makali ulimini. Ukali huo ni asidi. Mwaka 1780 Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu wa kemia aliyekaa Sweden, aliitenga asidi hiyo katika maziwa yaliyochacha, nayo ikapewa jina litokanalo na neno la Kilatini la maziwa. Ikiwa ndani ya damu ya mtu, madaktari huiita lakteti. Maana asidi ile ile ya kibuyuni imo katika miili yetu pia, kidogo kwa mtu mzima wa afya, nyingi kwa mgonjwa aliye karibu na kufa. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi ilivyogunduliwa, na jinsi madaktari walivyojifunza kuisoma kama dalili, na jinsi watoto wa Afrika Mashariki walivyowafundisha walimwengu kwamba kuisoma dalili si sawa na kuijua dawa yake.

Ugonjwa ninaousema ni ule uitwao kwa kawaida sumu ya damu. Vitabu vya siku hizi huuita sepsisi. Huanzia katika kidonda kilichooza, au kichomi, au tumbo la mama aliyejifungua, au kitovu cha mtoto mchanga. Vijidudu huingia, na mwili huinuka kupigana navyo. Lakini mara nyingine vita hivyo hupita kiasi, mwili ukajidhuru wenyewe: mishipa ya damu hulegea, moyo huchoka, figo huacha kutoa mkojo, akili hupotea. Wataalamu waliokutana na kutoa maana mpya ya ugonjwa huu ni wa juzi tu: maana hiyo ilichapwa mwaka 2016, nayo yasema kwamba sepsisi ni kuharibika kwa viungo vya mwili kwa sababu mwili umeukabili uambukizo bila kipimo. Hesabu iliyochapwa mwaka 2020 ilikadiria kwamba katika mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani waliupata ugonjwa huu, na milioni 11 walikufa. Walio wengi ni wa nchi zisizo tajiri, na watoto wadogo ni wengi sana miongoni mwao.

Turudi nyuma. Katika majira ya baridi ya 1842 na 1843, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, homa ya uzazi iliingia katika nyumba ya kuzalishia. Januari 1843 mwanamke kijana alijifungua mtoto mzima, na usiku ule ule akashikwa na homa na maumivu ya tumbo. Hazikupita siku mbili akafa. Wengine walimfuata. Daktari Johann Joseph Scherer, ambaye alikuwa pia mtu wa kemia, alichukua damu ya marehemu hao akaichunguza kwa vyombo vyake, akaona ndani yake asidi ya maziwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameiona katika damu ya binadamu kabla yake. Scherer aliandika kwamba asidi hiyo ina uhusiano na ugonjwa mkali kama huo, na kitabu chake kikachapwa mwaka ule ule. Basi kipimo kinachotumika leo katika hospitali kubwa za dunia kilianza katika damu ya wazazi waliokufa kwa homa, jambo ambalo akina mama wa vijiji vyetu wangelielewa upesi kuliko watu wengi wa mijini.

Wakati huo hakuna aliyejua homa ya uzazi inatoka wapi. Miaka minne baadaye, 1847, Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika wodi yake mwaka 1846 walikufa wazazi 459 kati ya 4,010. Mwaka 1848 walikufa 45 kati ya 3,556. Wenzake wengi hawakumsadiki. Mwaka 1879 Louis Pasteur alivionyesha vijidudu vyenyewe, vimeshikana kama shanga katika uzi. Kisha dawa zikaja: 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, na mwaka uliofuata Leonard Colebrook wa London akaijaribu kwa akina mama wenye homa ya uzazi, na vifo vikapungua sana. Penisilini ilifuata katika miaka ya 1940. Watu wakadhani kwamba kwa kuwa vijidudu sasa vina dawa, sumu ya damu imeshindwa.

Haikushindwa. Vijidudu vilikufa, na mgonjwa naye akafa. Ndipo madaktari waliporudi kuitazama ile asidi ya Scherer. Mwaka 1964 Max Harry Weil na mwenzake huko Marekani walipima lakteti za wagonjwa ambao mzunguko wa damu yao umeanguka, wakaona kwamba kadiri lakteti inavyopanda ndivyo wanaopona wanavyopungua.

Sababu ya kupanda kwake, zamani ilielezwa hivi. Kila sehemu ndogo ya mwili hula sukari na kuiunguza kwa hewa ya oksijeni iletwayo na damu. Damu ikipungua, sukari huchomwa nusunusu bila oksijeni, na masalio yake ni lakteti. Ndivyo inavyokuwa katika miguu ya mtu anayekimbia mbio kali. Maelezo haya ni kweli, lakini katika sepsisi si kweli yote. Baadaye ilionekana kwamba lakteti huweza kupanda hata pale ambapo oksijeni inatosha, kwa sababu mwili ulio vitani huharakisha kuvunja sukari, na ini lililochoka haliwahi kuiondoa lakteti katika damu. Lakteti ni kama moshi juu ya paa: unajua kuna moto ndani, hujui ni jikoni au ghalani. Msomaji alishike neno hili, maana litatufaa tutakapofika Muheza.

Sasa tuje kwetu. Katika vijiji vyetu jina "homa" hubeba mizigo mingi. Mtoto akiwa na joto, watu husema malaria. Akitetemeka viungo, husema degedege. Akihema kwa nguvu, husema kichomi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Kevin Marsh na wenzake waliwafuata watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na mwaka 1995 wakachapa waliyoyaona. Watoto 64 walikufa. Zaidi ya wanane katika kila kumi wa hao walikuwa na dalili mojawapo ya mbili: fahamu zilizopungua, au kupumua kwa shida. Kupumua huko mara nyingi hakukuwa kwa sababu ya mapafu. Ni asidi iliyojaa katika damu, na mtoto hupumua kwa kina na kwa nguvu ili aitoe. Kwa hiyo mama aliyeketi kitandani, asiye na chombo chochote, anaweza kuiona asidi ya damu kwa macho yake katika kifua cha mwanawe.

Waliona pia kwamba sukari ya damu iliyoshuka ni dalili mbaya. Mtoto mgonjwa asiyekula humaliza akiba yake upesi, naye huweza kupoteza fahamu kwa njaa ya sukari tu, watu wakadhani homa imempanda kichwani. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidole. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kutibu watoto kinaagiza kwamba mtoto wa namna hii atiwe maji ya glukosi katika mshipa, na mshipa ukikosekana upesi, sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji iwekwe chini ya ulimi wake. Sijui dawa nyingine inayopatikana katika kila duka la kijiji ambayo ina kazi kubwa kama hii.

Lakini je, homa zote zile zilikuwa malaria? Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, na kuchapwa mwaka 2004, ulitoa jibu la kuhuzunisha. Wagonjwa 4,474 walikuwa wakitibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipotazamwa vizuri kwa darubini, vijidudu vya malaria vilionekana kwa 2,062 tu, yaani chini ya nusu. Na wale wasio na malaria ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, wakati wenye malaria walikufa asilimia 6.9. Tena theluthi moja hivi ya wasio na malaria hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria. Wangapi kati yao walikuwa na sumu ya damu, hesabu ile haikusema. Huko Kilifi, ambako damu ya watoto wote waliolazwa ilioteshwa ili bakteria waonekane, ripoti ya 2005 ilionyesha watoto 1,094 waliokuwa na bakteria katika damu tangu nyumbani. Kati yao 308 walikufa, na 103 kati ya hao walikufa siku ile ile walipofikishwa hospitali. Kuotesha damu huchukua siku mbili au zaidi. Watoto 103 hawakuwa na siku mbili. Hii ndiyo sababu ya wataalamu kuzitafuta dalili za damu zinazotoa habari zake katika dakika, wala si katika siku.

Mwaka 2001 habari kubwa ilitoka Detroit, Marekani. Emanuel Rivers na wenzake waliwachukua wagonjwa 263 wa sepsisi, waliochaguliwa kwa shinikizo la damu lililoshuka au kwa lakteti iliyofika milimoli 4 katika lita. Mtu mzima wa afya hana hata 2. Nusu ya wagonjwa walitibiwa kama kawaida, na nusu nyingine wakatibiwa katika saa sita za kwanza kwa utaratibu mkali wa maji mengi ya mshipani, dawa za kupandisha shinikizo, na damu. Wa kawaida walikufa asilimia 46.5, wa utaratibu mpya asilimia 30.5. Dunia ikashangilia. Vitabu vya mafundisho vikaandika: ukiona lakteti imepanda, tia maji kwa wingi na kwa haraka. Watoto nao waliandikiwa hivyo hivyo.

Basi wakatokea watu waliouliza kama neno hilo ni kweli pia katika wodi za Afrika Mashariki, ambako hakuna mashine za kupumulia na mtoto huja na upungufu wa damu na malaria pamoja. Kathryn Maitland wa Kilifi aliongoza kazi hiyo pamoja na madaktari wa nchi tatu. Ilifanyika tangu 2009 katika hospitali sita: Kilifi ya Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda, na Teule ya Muheza katika mkoa wa pwani wa Tanga. Watoto walikuwa wenye homa kali, fahamu zilizopungua au pumzi ya shida, na dalili kwamba damu haifiki vizuri mikononi na miguuni. Waliokuwa wakiharisha na kutapika kwa ugonjwa wa tumbo hawakuingizwa, maana hao maji ndiyo dawa yao, na wala jambo hili lisichanganywe na habari ninayoieleza. Wenye utapiamlo mkali nao waliachwa nje.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi moja walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini kwa haraka, na la tatu hawakutiwa maji ya haraka kabisa, ila yale ya polepole ya kumkimu mtoto asiyeweza kunywa. Wote walipewa dawa za bakteria, dawa za malaria, sukari na damu kadiri walivyohitaji. Karibu kila daktari alitazamia kwamba kundi la tatu ndilo litakalopoteza watoto wengi. Januari 2011 kamati iliyokuwa ikizilinda hesabu iliamuru kazi isimame, na Mei mwaka huo ikachapwa. Katika saa 48 za kwanza, waliotiwa albumini walikufa 111 kati ya 1,050. Waliotiwa maji ya chumvi walikufa 110 kati ya 1,047. Wasiotiwa maji ya haraka walikufa 76 kati ya 1,044.

Msomaji aisome hesabu hiyo tena. Katika kila watoto mia waliotiwa maji kwa nia njema kabisa, watatu hivi walikufa ambao wangalipona kama wangaliachwa na dawa zao za kawaida.

Wengine huko Ulaya na Marekani walisema labda ni kwa sababu ya malaria, au labda ni kwa kukosa mashine. Lakini wachunguzi walizipekua tena hesabu, wakachapa mwaka 2013: hawakuona kundi lolote la watoto ambalo maji ya haraka yaliwafaa, wala wenye malaria wala wasio nayo, wala wenye asidi nyingi. Na vifo vilivyozidi havikuwa hasa vya mapafu yaliyojaa maji kama ilivyodhaniwa, bali vya moyo na mishipa iliyoanguka. Hapa ndipo lile neno la moshi linapotufaa. Lakteti ilisema kweli kwamba moto upo. Madaktari ndio waliodhani kwamba daima ni moto wa ukosefu wa maji.

Lusaka, katika Zambia, jambo hilo lilijaribiwa tena kwa watu wazima 212 wenye sepsisi na shinikizo lililoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI. Ripoti ya 2017 yasema kwamba waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema walikufa asilimia 48.1, na waliotibiwa kama kawaida asilimia 33. Katika nchi tajiri zenyewe, majaribio matatu makubwa ya Marekani, Australia na Uingereza, yaliyochapwa 2014 na 2015, hayakuona faida ambayo Detroit iliiona. Shirika la Afya Duniani lilibadili maagizo yake ya watoto mwaka 2016: mtoto ambaye mzunguko wa damu umelegea lakini hajafikia hali ya kuanguka kabisa asitiwe maji ya haraka, na aliyeanguka atiwe kidogo na polepole, huku akitazamwa. Miaka mitano ilipita kati ya hesabu za Muheza na agizo hilo. Mimi naona ni mingi mno.

Tangu miaka ya 2010 wataalamu wa ng'ambo wamekuwa wakipima mamia ya vitu vidogo katika damu ya wagonjwa wa sepsisi, mafuta na sukari na vipande vya protini, wakitumaini kupata alama itakayosema mapema nani atapona na nani anahitaji nini. Kazi hiyo ni nzuri, nayo haijafika bado kitandani kwa mgonjwa wa kawaida. Kipimo cha lakteti chenyewe kimepungua ukubwa hata kikawa chombo cha kushikwa mkononi, nacho hutoa jibu kwa tone la damu katika muda mfupi sana. Ila karatasi zake za kupimia zina bei, na zahanati ya kijiji ina mahitaji mengi yanayotangulia.

Kwa hiyo mimi hupendezwa zaidi na habari ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2019 ilichapwa kazi iliyofanywa katika hospitali 28 za nchi tano, Chile na Argentina zikiwamo, kwa wagonjwa 424 wa sepsisi walioanguka. Nusu walitibiwa kwa kuifuata lakteti ishuke. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata kidole tu: daktari hukibonyeza mpaka kiwe cheupe, akaachia, akahesabu sekunde mpaka rangi irudi. Baada ya siku 28 waliofuatwa kwa lakteti walikuwa wamekufa asilimia 43.4, na waliofuatwa kwa kidole asilimia 34.9. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba kidole kimeishinda lakteti, lakini hakuna awezaye kusema kwamba kilishindwa. Nao wagonjwa wa kidole walitiwa maji machache zaidi katika saa zile za kwanza.

Jambo hilo hufanyika hivi. Ukucha wa kidole gumba cha mtoto hubonyezwa kwa sekunde chache, kisha huachiliwa. Rangi ikikawia kurudi kupita sekunde tatu, na mikono na miguu ikawa baridi hali kifua kina moto, damu haifiki mwishoni mwa mwili. Pamoja na pumzi ya kina, usingizi usio wa kawaida, kukataa kunyonya na mkojo uliopungua, hiyo ni hali ya kupelekwa Kiomboi, Iambi, Makiungu, Mtinko, Itigi au mjini saa hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimesema malaria ipo, maana mtoto mmoja huweza kuwa na vyote viwili. Mama aliyejifungua akapata homa na maumivu ya tumbo naye ni hivyo hivyo. Kwa watu wa kando ya mbuga ya Wembere, wakati wa masika, safari hiyo yataka kupangwa kabla jua halijatua.

Yako mashaka moja katika kipimo cha kidole. Asubuhi za Juni na Julai, upepo wetu wa Singida unapovuma, mkono wa mtoto mzima nao huwa baridi, na rangi hukawia kurudi ingawa hana ugonjwa wowote. Muuguzi mwenye ujuzi humfunika kwanza mpaka apate joto, kisha hubonyeza tena na kuhesabu.